Bomba Linalovuja, Kondoa

Kibali changu cha kuishi kina mhuri wa Dodoma.
Nakilipia, nakihuisha, nakihifadhi ndani ya Biblia.
Babu wa baba yangu aliuvuka mpaka huu bila karatasi,
kichwani gunia la mchele usio wake,
shingoni kibati chenye namba.

Kwetu Wusi kuna jabali.
Chini yake mafuvu ya wazee yamepangwa,
yanaitazama migomba
kama watu waliokaa wakingoja chai.
Kati ya la nne na linalofuata pana nafasi.
Shangazi Wakesho hupafagia.
Nilipopata kazi ya uuguzi huku hakuniuliza mshahara.
Aliniuliza: hapo na Kondoa ni mbali?

Si mbali. Lami tupu. Nilichelewa miaka mitatu.

Makaburi yana uzio na geti la kijani.
Mtunzaji ni kijana, Swalehe Ijengo,
yeboyebo miguuni, mpira wa maji begani.
"Nipe maji kidogo," nikasema, koo limekauka.
Akacheka. "Wewe Mkenya. Huku tunasema *naomba*."
Ulimi ni wetu sote, na bado unanichongea.

Mawe meupe, safu kwa safu,
yamenyooka kama meno ya kununua.
Jina, kikosi, umri. Mmoja miaka kumi na tisa.
Niliyasoma yote kwa sauti ndogo,
kama nisomavyo majina wodini kabla ya kugawa dawa.
Hakuna Maghanga.
Nilijua hayumo. Hata hivyo safu ya mwisho niliirudia,
kama mtu anayepekua mfuko
anaojua umetoboka.

"Na wabeba mizigo? Walizikwa wapi?"

Swalehe aliweka mpira chini.
Akasema, alipochimba mtaro wa bomba, nje ya uzio,
sululu ilitoa mlio ambao si wa jiwe.
Akafukia. Akasoma Fatiha,
ingawa hakujua walikuwa dini gani.
Ofisini hakusema.
"Ningekuwa najaza fomu mpaka leo, dada."

Akanipeleka.
Agosti; kila jani limekuwa rangi ya gunia.
Ila hapo kiungo cha bomba kinavuja,
na pana kiraka cha kijani, upana wa mkeka wa watu wawili.
Kuku wa jirani walikuwa wakichakura.
Hakuna aliyewafukuza. Mimi pia sikuwafukuza.

Mkobani nilikuwa na kitambaa cheupe.
Shangazi alikifua, akakipiga pasi,
akakikunja mara nne bila kusema cha nini.
Najua cha nini. Kichwa kimoja kingeenea.
Lakini kipi?
Pengine hapa amelala Mnyamwezi, Mkamba,
mtu wa ziwani ambaye nao kwao wamemwachia nafasi.
Pengine ni punda.
Mfupa wa mtu naujua, nimesomea.
Mfupa wa Maghanga sikufundishwa.

Basi nikachuchumaa,
nikakilowesha kitambaa pale maji yanapochirizika,
nikakikamua kidogo tu,
nikakikunja na tope lake, mara nne, kama nilivyokikuta.

Shangazi alipokea simu kabla haijaita vizuri.
"Umemwona?"
"Nimeona majani."
Akanyamaza. Nyuma yake mbuzi, redio, mtu akikata kuni.
"Mabichi?"
"Mabichi, shangazi. Agosti hii."
"Haya," akasema,
na nikamsikia akisogeza kiti.

Swalehe alikuwa akikunja mpira wake.
"Jumatatu fundi anakuja kuliziba hili," akasema.
"Maji yanapotea bure, bili inapanda."

Naomba, nikamwambia,
na neno lilitoka lenyewe, bila kusukumwa,
naomba uliache livuje
mpaka mvua.